Arosto ya Nipa: Kisa cha Mkulima wa Korosho Aliyeacha Kunywa Usiku wa Kuandama Mwezi

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeshonwa kwa mambo yanayojirudia katika vijiji vya uwanda wa Makonde, wala si habari za mtu mmoja anayeweza kutambulika. Mhusika ni mwanamume wa miaka 43 wa Tandahimba, ana ekari saba za mikorosho, mke na watoto wanne. Mtaani anaitwa Baba Somoe, nasi tutamwita hivyo.

Siku tatu

Jumamosi ya vunja jungu alikunywa nipa, gongo ya mabibo (tunda la mkorosho), kama kawaida yake, pengine akazidisha kidogo. Mwezi ulitangazwa baada ya Isha. Yeye alimalizia kilichobaki kwenye chupa, tone la mwisho likashuka yapata saa 5 usiku, kisha akasukutua mdomo na kumwambia mjomba wake mbele ya watu kwamba safari hii anafunga zote thelathini. Hakuna aliyemcheka. Mjomba alimwombea dua.

Jumapili mchana mikono ikaanza kutetemeka. Akasema ni saumu ya kwanza, mwili haujazoea. Wakati wa kufuturu bakuli la uji lilimshinda: uji ulicheza, ukamwagikia kanzu, mpaka mkewe akamshikia bakuli kama anavyomshikia mtoto. Alikula tende moja, akaitapika. Usiku ule hakulala, na shuka lilikuwa la kukamua.

Jumatatu wakati wa daku, saa 10 alfajiri, alikakamaa, macho yakapanda juu, akaanguka na kutupatupa miguu kwa kama dakika mbili, mkojo ukamtoka. Shemeji yake alimlazimishia kijiko katikati ya meno. Jino likavunjika. Kabla hakujakucha, neno "jini" lilikuwa limeshatamkwa. Kijana mmoja aliuliza kama mashetani si hufungwa mwezi huu. Hakujibiwa.

Mchana huo alisomewa na kufukizwa ubani. Usiku akaona sisimizi ukutani, wengi, wakishuka kuelekea kwa watoto. Jumanne jioni hakumtambua mwanawe. Alikaa kwenye mkeka akiokota korosho ambazo hazikuwepo, mojamoja, akizipuliza vumbi na kuzitia kwenye gunia ambalo nalo halikuwepo. Mkewe alipomgusa begani alimwambia ampishe, mnada ni kesho.

Usiku wa Jumanne akafikishwa hospitali. Joto 38.7, mapigo ya moyo 132 kwa dakika, presha 168 kwa 104. Kipimo cha haraka cha malaria: hasi. Sukari 3.4, ipo chini. Aliyempokea akauliza anavyouliza kila siku:

"Anakunywa pombe?"

"Hanywi, dada. Amefunga."

Swali lililokosewa

Jibu la mke lilikuwa la kweli, na ndilo lililochelewesha matibabu kwa saa kadhaa. Aliulizwa kama mumewe anakunywa, naye alikuwa hanywi kwa siku tatu. Swali lililohitajika ni lingine: mara ya mwisho alikunywa lini, na kabla ya hapo alikuwa anakunywa kiasi gani kwa siku? Likiulizwa hivyo, mke hana pa kusitasita, maana linamuuliza saa na kiasi, halimtaki amhukumu mumewe ndani ya mwezi mtukufu. Tena nipa ni pombe iliyokatazwa kisheria kama gongo nyingine yoyote. Ukimuuliza mtu wa kijijini habari za nipa mbele ya daftari na kalamu, kwanza anajiuliza nani atasoma daftari hilo.

Huku kwetu kila mtu anaijua arosto ya unga, yaani mateso ya mwili wa aliyezoea heroini anapoikosa. Ukimwona teja anapiga miayo, kamasi zinamtoka, mwili unamsisimka kama amemwagiwa maji ya baridi, hata mtoto wa shule atakwambia huyo ana arosto. Wachache sana wanajua kwamba pombe nayo ina arosto, na kwamba ya pombe ndiyo hatari zaidi ya hizo mbili. Arosto ya unga inatesa, lakini ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya ya kawaida. Ya pombe kwa mnywaji mkubwa huua ikiachwa bila tiba: moyo unachoka, joto linapanda, degedege linajirudia, au mgonjwa anakimbilia barabarani.

Chanzo chake ni ubongo kujizoesha. Pombe inakandamiza ubongo, inaupoza. Ikimiminwa kila siku kwa miaka, ubongo nao unajibu kwa kukaza mafuta ili uende sawa juu ya breki iliyokanyagwa. Siku pombe inapotoka ghafla, breki imeachiwa lakini mafuta bado yamekazwa. Ni lori linaloshuka mteremko wa Newala kuelekea Masasi bila breki. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na wasiwasi huanza saa 6 hadi 24 tangu tone la mwisho. Degedege huja kati ya saa 6 na 48. Kuchanganyikiwa kwenye homa na kuona visivyokuwepo huingia kati ya siku ya pili na ya nne. Rudi kwa Baba Somoe uhesabu kutoka saa 5 usiku wa Jumamosi: mikono inatetemeka mchana wa Jumapili, degedege saa ya 29, korosho za kwenye mkeka karibu saa ya 67. Ratiba imetimia kama ilivyoandikwa, huku familia nzima ikihesabu siku za mwezi mwandamo.

Kwa hiyo anayetafuta dalili za uraibu wa pombe asimwangalie mtu anapokunywa. Ulevi unaonekana glasi ikiwa mkononi. Uraibu unaonekana glasi ikikosekana.

Miezi kumi na miwili nyuma

Familia iliposimuliwa hayo, ilianza kukumbuka mambo ambayo kila mmoja alikuwa ameyaona peke yake. Tuyapange kwa kalenda ya korosho, maana ndiyo wanayoikumbuka.

Mwezi wa tatu mwaka uliotangulia, watu walikuwa bado wanamsifu: "Yule anaijua kunywa, halewi." Sifa hiyo ni dalili. Mtu anayemaliza chupa ya nusu lita ya nipa akatembea sawasawa hana kichwa kigumu cha kuzaliwa nacho. Ubongo wake umeshazoea, na kile kilichomlewesha miaka mitano nyuma sasa kinamrudisha tu kwenye hali ya kawaida.

Mwezi wa tano alianza kuzimua. Kuzimua mara moja baada ya harusi ni jambo la mjini na kijijini. Lakini yeye alikuwa anazimua kila alfajiri, kabla ya kunawa uso, kwa toti moja ya nipa aliyoificha kwenye kidumu cha mafuta ya taa nyuma ya nyumba. Mkewe aliona kwamba mikono inatulia baada ya toti, akafurahi kwamba sasa anaweza kushika jembe. Kama kuna dalili moja ya kubeba kutoka kwenye kisa hiki, ni hii: mkono unaotetemeka asubuhi ukatulizwa na pombe. Harufu mdomoni haiwezi kukuambia hivyo, wala macho mekundu.

Mwezi wa saba alipulizia salfa mzunguko wa kwanza tu. Wa pili aliutupia kijana wa jirani, wa tatu haukufanyika, na maua ya mikorosho ya upande wa bondeni yakapata ubwiri, ule ukungu mweupe ambao salfa huuzuia. Walisema mashine ya kupulizia ni mbovu. Mashine ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba salfa inapulizwa alfajiri na mapema, majani yakiwa na umande, na alfajiri ndiyo saa asiyoiweza.

Mwezi wa tisa mabibo yakaanza kuanguka, uraka ukajaa kila kaya. Hapa wengi hupotea njia, kwa kuwa msimu wa uraka kila mtu anakunywa na mlevi hajitengi na wengine. Cha kutazama ni baada ya msimu. Uraka ni kinywaji cha mabibo kisichokaa, siku chache tu unachachuka mpaka haunyweki. Yanapokwisha mabibo, wanywaji wa msimu hurudi kwenye chai. Baba Somoe alihamia kwenye nipa, ambayo haiharibiki, akaendelea Januari na Februari kama vile mabibo bado yapo.

Mwezi wa kumi, kabla ya mnada wa kwanza, aliuza gunia tatu kwa kangomba, yaani kwa bakuli, nje ya ghala, kwa bei ya kutupa, wakati wiki mbili mbele fedha zingeingia kwenye akaunti kupitia chama cha msingi. Umaskini unaweza kumfikisha mtu kwenye kangomba, tunajua. Lakini nyumbani kulikuwa na unga wa muhogo na ada ya shule ilikuwa haijadaiwa. Fedha ile haikufika mlangoni.

Desemba alilazwa siku moja kwa kutapika damu kidogo na maumivu ya tumbo juu ya kitovu. Akaambiwa aache pombe. Aliacha siku nne akiwa na dawa za vidonda vya tumbo, akarudi. Hakudanganya alipoahidi. Alitetemeka siku nne, akajitibu kwa njia anayoijua.

Wataalamu hupima uraibu kwa mambo sita: hamu kubwa ya kunywa, kushindwa kujizuia kiasi na muda, arosto, mwili kuzoea kiasi hata kuhitaji zaidi, kuacha shughuli na starehe nyingine, na kuendelea ingawa madhara yanaonekana. Matatu yakikutana ndani ya miezi 12, inatosha kuita uraibu. Baba Somoe anayo yote sita, na kila moja lilikuwa na shahidi wake: mke alijua la kuzimua, kijana wa jirani alijua la salfa, karani alijua la kangomba. Hawakuwahi kukaa mkeka mmoja.

Kiasi

Familia ilisema "anakunywa chupa moja tu". Tangu viroba vipigwe marufuku Machi 2017, chombo cha mfukoni kimekuwa chupa ya maji ya nusu lita, na neno "chupa" linadanganya kwa sababu linafananishwa na chupa ya bia.

Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe yenyewe. Nipa haipimwi, nguvu yake hutegemea mpishi alikata wapi mvuke, na ile inayotoka mwanzo wa mtambo ni kali kuliko ya mwisho. Tukikadiria asilimia 35, nusu lita ina gramu 138 hivi. Hiyo "chupa moja tu" ni sawa na bia saba, kila siku, asubuhi ikijumuishwa. Ukimhoji mtu, muulize chombo, kinajazwa mpaka wapi, na kinajazwa mara ngapi. Kisha mpe dodoso la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani, ambalo alama zake ni 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji umeshakuwa wa hatari. 20 na zaidi, fikiria uraibu na usimwache aondoke bila mpango. Baba Somoe alipata 29 alipozinduka.

Makosa, na kilichomwokoa

Kosa la kwanza lilifanyika kabla ya mwezi: kuacha kwa mpigo. Anayekunywa kila siku na kuamka akitetemeka, au aliyewahi kupata degedege alipoacha, asikatishe ghafla nyumbani. Afike kituo cha afya wiki mbili kabla ya Ramadhani, aseme anataka kuacha, apangiwe dawa na usimamizi. Suala la saumu lina mlango wake: mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine. Shehe akilisema hilo kwa sauti yake, linaingia. Nesi akilisema, mara nyingi halivuki kizingiti.

La pili ni kijiko. Mwenye degedege hashikiliwi kwa nguvu wala hafungwi, na mdomoni haingizwi kitu chochote, hata kitambaa. Ondoa vitu vigumu karibu yake, legeza nguo shingoni, likiisha mlaze ubavu, tazama saa. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, ni gari la hospitali sasa hivi. Bodaboda ya mshikaki kwa mtu aliyechanganyikiwa si usafiri. Akijirusha anaondoka na dereva.

La tatu lilikuwa kumfunga kamba usiku wa Jumatatu. Anayeona sisimizi akifungwa gizani huona mabaya zaidi, na kupambana na kamba kunapandisha joto na mapigo. Washa taa, abaki naye mtu mmoja anayemjua, watoto wahamie kwa jirani.

Hospitalini dripu ya glukosi ilitundikwa haraka kwa sababu sukari ilikuwa chini, na hilo lilikuwa sahihi. Kilichosahaulika ni thayamini, yaani vitamini B1. Mnywaji wa miaka mingi anakula kidogo na akiba yake ya B1 imekauka; glukosi ikiingia peke yake inamaliza hata kile kilichobaki, na ubongo unaweza kuumia: macho kwenda kombo, mwendo wa kuyumba, kisha kumbukumbu kufutika moja kwa moja. Thayamini hutolewa kabla ya glukosi au pamoja nayo, kwa sindano kama hali ni mbaya. Kwake iliingia saa mbili baadaye, pale mjomba alipofika na kusema wazi, "Mpwa wangu anakunywa nipa kila siku. Ameacha Jumamosi." Sentensi hiyo moja ilibadilisha tiba nzima. Alianza kupewa dayazepamu miligramu 10, ikarudiwa kwa kufuata dalili, halafu ikapunguzwa siku hadi siku. Siku ya tano aliulizwa yuko wapi akajibu sawa. Aliuliza gunia lake lilipo.

Dayazepamu hiyohiyo ikinunuliwa duka la dawa na kumezwa juu ya pombe huzima pumzi, kwa hiyo isitolewe nyumbani kwa kubahatisha. Na zile "dawa za kuacha pombe" ambazo wake huuziwa wazitie kwenye chai kwa siri: nyingine ni za aina inayomfanya mtu atapike, moyo uende mbio na presha ianguke akinywa. Mtu anayejua amezimeza anaweza kujilinda. Asiyejua anakunywa kama kawaida, na anaweza kufa.

Si kila homa yenye kuchanganyikiwa inatokana na pombe, hata kwa mlevi anayejulikana. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka na damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka wiki mbili nyuma, vyote vinaweza kuvaa sura hii. Ndiyo maana kipimo cha malaria na cha sukari vilikuwa lazima, na alipapaswa kichwa kutafuta uvimbe. Kama hospitali ya wilaya ingeona anazidi kuzama, hatua iliyofuata ilikuwa rufaa kwenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Mtwara, au Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo.

Neno moja la pembeni kuhusu unga, kwa kuwa mdogo wake wa mwisho yupo Mtwara mjini na familia iliuliza. Dalili zake zinakwenda kinyume na hizi: akiwa ametumia mboni za macho ni ndogo kama ncha ya sindano hata gizani, anasinzia akiwa amesimama, anajikuna; akikosa, mboni zinapanuka, machozi, kamasi, miayo, kuharisha. Tiba yake nayo ni nyingine. Methadoni, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, ni kwa watumiaji wa heroini na jamaa zake. Haitibu pombe hata kidogo. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina simu ya bure, 119.

Baada ya siku sita

Aliruhusiwa akiwa na thayamini ya kumeza na tarehe ya kurudi. Kazi iliyobaki haikuwa ya hospitali. Mke alikuwa na jambo alilokuwa hajalisema kwa mtu yeyote: mtambo wa nipa ulikuwa wake. Pipa, mrija, na karai la maji ya kupozea vilikuwa chini ya mwembe nyuma ya jiko, na ada ya Somoe ya miaka miwili ilitoka pale. Kumwambia aondoe pombe nyumbani ni kumwambia aondoe ada.

Mjomba aliitisha kikao cha ukoo bila kelele. Waliafikiana mambo machache: pipa lihamie nje ya kaya, na mke aanze na kuku na karanga huku wajomba wawili wakibeba ada ya mwaka huo, mzunguko wa salfa ufanywe saa 12 asubuhi na kijana wa jirani pamoja na Baba Somoe, si badala yake, korosho zipelekwe ghalani na mke akiwepo kwenye mizani. Muuza nipa wa njia panda aliombwa asimkopeshe. Alikubali nusunusu.

Mwezi wa nane, kwenye ngoma ya jando ya mpwa wake, alikunywa siku mbili mfululizo. Mkewe alitaka kunyamaza. Siku ya tatu asubuhi alikwenda mwenyewe zahanati kwa baiskeli, akanyosha mikono mbele ya nesi, vidole vimetanuliwa, kipande cha karatasi kimewekwa juu yake. Karatasi ilicheza kidogo kwenye mkono wa kushoto. Alipimwa mapigo, 88, akaambiwa asubiri kwenye benchi mpaka saa 8 mchana, apimwe tena.